Gari lisilo na alama linakuwashia taa za bluu usiku hapa Uingereza: usimame wapi, na utajuaje ni polisi kweli?

Mama Imani, Leicester

Wakubwa shikamooni, wenzangu poleni na kazi.

Swali hili ni la sisi tunaofanya kea za usiku. Unatoka kwa mzee mmoja saa nane usiku, unakwenda kwa mwingine vijiji vitatu mbele, uko peke yako garini na njia yenyewe haina taa. Gari la kawaida kabisa, Skoda au Volvo kama la jirani, linakusogelea nyuma na kuwasha taa za bluu. Halina michoro ya njano na bluu, wala neno la polisi ubavuni.

Naomba wanaojua wanifafanulie. Je, sheria inanitaka nisimame hapo hapo gizani? Nikiendelea hadi kwenye mwanga, si watasema nimewakimbia? Naruhusiwa kushika simu huku naendesha? Leseni yangu ya hapa haijafikisha miaka miwili, na naambiwa pointi 6 za adhabu ya makosa ya barabarani zinatosha kuifuta. Na akishuka mtu wa jinzi na koti akaninyooshea kitambulisho kwenye kioo, nifungue mlango?

Majibu yawe ya hapa tafadhali. Nyumbani taratibu ni nyingine.

Mwalimu wa Gia, Reading

Mama Imani, nianze na sheria maana ni fupi. Kifungu cha 163 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1988 kinasema dereva lazima asimame akitakiwa na askari polisi *aliyevaa sare*. Gari lake si lazima liwe na alama yoyote, ila yeye mwenyewe lazima awe na sare. Usiposimama, faini inafika pauni 1,000, na ukiongeza mwendo au kukata kona ovyo unaingia kwenye makosa mazito zaidi ya uendeshaji wa hatari.

Sasa tazama tatizo lilipo. Usiku, kwenye kioo cha ndani, huoni sare. Unaona mwanga mkali wa taa za mbele na nukta za bluu zinazopepesa, basi. Yule aliye nyuma ya usukani anaweza kuwa amevaa chochote. Kwa hiyo kile ambacho sheria inakitaka huwezi kukihakikisha mpaka umeshasimama. Ndiyo maana kila hatua ninayoandika hapa chini inalenga kitu kimoja: upate uthibitisho kabla hujazima gari, na aliye nyuma asidhani unamkimbia.

Kanuni ya 106 ya Highway Code, kitabu rasmi cha kanuni za barabarani hapa, inakupa nafasi. Inasema polisi watakuvutia kwa taa za bluu, taa za mbele, king'ora au honi, kwa kawaida wakiwa nyuma yako, na watakuelekeza pembeni kwa kunyoosha mkono au kwa indiketa ya kushoto. Nawe usimame *mara tu inapokuwa salama*. Mahali salama ni pale ambapo gari lako halizuii njia wala halitagongwa. Lakini jeshi la polisi lenyewe hushauri dereva mwenye shaka aonyeshe kuwa ameona, aende taratibu hadi mahali penye watu, kisha asimame. Hilo neno *aonyeshe* ndilo wengi wanalisahau.

Namna ya kuonyesha: ndani ya sekunde chache baada ya taa za bluu kuwaka, toa mguu kwenye mafuta, washa indiketa ya kushoto, sogea kidogo upande wa kushoto wa njia yako. Halafu washa hazadi na uendelee. Najua mtu ataniletea kanuni ya 116, kwamba hazadi hazitumiki gari likiwa linatembea isipokuwa kwa kutahadharisha hatari ya mbele kwenye barabara kubwa. Ni kweli, lakini katika hali hii hazadi ndiyo ishara ambayo askari wa barabarani anaielewa bila kuuliza. Zikiwaka na mwendo ukiwa umeshuka, ujumbe umefika. Washa pia taa ya ndani ya gari, akuone wewe na mikono yako.

Mwendo: barabara ya maili 60 kwa saa, shuka mpaka 40 hivi. Mjini kwenye 30, nenda 20 au 25. Usipande tena baada ya kushuka. Kosa linalogeuza jambo dogo kuwa msako ni pale dereva anaposhuka hadi 30, kisha hofu inamshika anakanyaga mafuta. Kosa la pili ni kuingia njia nyembamba ya shambani ukidhani unatafuta mahali pa kusimama. Kwa askari wa kweli hiyo ni dalili ya kukimbia, na kwa mhalifu umemfanyia kazi yake.

Lenga sheli iliyo wazi, hospitali, duka kubwa linalofanya kazi usiku, au hoteli ya kando ya barabara. Zote zina kamera na mwanga. Kituo cha polisi kinasikika kama jibu zuri, ila kaunta za vituo vingi hufungwa usiku na unaweza kujikuta kwenye uwanja mtupu wenye giza. Sheria haikuwekei umbali kwa maili. Dakika chache zinaeleweka, hasa kama chumba cha udhibiti kimeshaambiwa unakoelekea. Robo saa ya ukimya haieleweki.

Sauti ya Zamu, Birmingham

Mwalimu ameeleza barabara. Mimi nieleze simu, maana hapo ndipo watu wanapotea.

Piga 999, namba ya dharura. Simu iliyounganishwa na gari, sema kwa sauti ipige yenyewe. Simu isiyounganishwa, sheria ya kushika simu ina mwanya mmoja tu: dharura ya kweli, namba 999 au 112, na kusimama kukiwa hakuwezekani au si salama. Mtu aliye peke yake usiku, asiyejua kama anayemsimamisha ni polisi, ana sababu ya kuutumia mwanya huo. Lakini 101, namba ya polisi ya mambo yasiyo ya dharura, haimo. Nasisitiza kwa sababu ya ile hofu yako ya pointi, Mama Imani. Kushika simu ni pauni 200 na pointi 6, na dereva aliye ndani ya miaka 2 ya kwanza leseni yake inafutwa akifika pointi 6. Anaanza upya kwa leseni ya mwanafunzi na mitihani yote miwili. Mtu anasema, "Nisiwasumbue 999, nipige 101 ya mambo madogo," na kumbe amejitoa kwenye kinga yake.

Ukipiga, sauti ya kwanza si ya polisi. Ni mpokea simu anayeuliza unataka huduma ipi. Jibu neno moja, polisi, naye atakuunganisha. Simu za kisasa hutuma mahali ulipo zenyewe unapopiga 999, hivyo usipoteze muda kueleza njia yote tangu nyumbani. Polisi akipokea, mpe kwa mpangilio huu: gari lisilo na alama linanisimamisha kwa taa za bluu; niko peke yangu; namba ya gari *langu* ni hii; niko barabara hii naelekea mji huu; nimewasha hazadi, naenda maili 30, nitasimama sheli fulani.

Kwa nini namba yako na siyo yake? Kwanza ya kwake huwezi kuisoma. Imepinduka kwenye kioo na taa zake zinakupofusha. Pili, askari anapotaka kusimamisha gari kwa kawaida huita kwenye redio namba ya gari analolifuata na mahali alipo. Mpokea simu anatafuta namba yako kwenye mfumo: kuna kikosi kilichoiita? Magari ya polisi pia yanaonekana kwenye ramani yao. Ikipatikana, atakuambia ndiyo, ni wetu, na mara nyingi atawafahamisha askari wale kwa redio kwamba dereva yuko kwenye laini na anakwenda kusimama mahali fulani. Kuanzia hapo hakuna wa kusema umekimbia.

Sasa kinachokwama. Uko mpakani mwa majeshi mawili ya polisi, tuseme Leicestershire na Warwickshire. Simu yako inaweza kupokewa na jeshi moja na gari likawa la jeshi jingine, au likawa la polisi wa reli, na mpokea simu hana kikosi hicho kwenye ramani yake. Hapo atakuambia subiri nahakikisha. *Subiri* haina maana kwamba ni feki. Endelea taratibu, usikate simu, na usiruhusu ukimya ukufanye uamue mwenyewe. Akisema hawapati kabisa gari la namna hiyo, atatuma gari lenye alama likukute, na atakuelekeza uelekee wapi.

Kiingereza kikikutoroka kwa hofu, taja neno Swahili. Polisi wana wakalimani wa simu. Inachukua muda, kwa hiyo taja lugha mwanzoni.

Juma wa Felixstowe

Naongeza ya motawei tu, zile barabara kuu za kasi, kwa ufupi.

Usisimame kwenye njia ya magari hata kama taa za bluu ziko nyuma yako. Baadhi ya motawei sasa hazina bega la kushoto, ile njia ya pembeni ya kusimama kwa dharura. Askari mwenyewe hataki usimame hapo. Mara nyingi atakupita, na kwenye kioo chake cha nyuma kutawaka maandishi ya taa nyekundu yakikuambia umfuate, kisha atakutoa kwenye njia ya kutokea inayofuata au kwenye kituo cha mapumziko. Hapo una dakika kadhaa za kupiga 999, zitumie. Palipo na bega, au eneo la dharura la rangi ya chungwa, anaweza kukuonyesha uingie humo.

Kusoma mahali ulipo: kila mita 500 kuna kibao kidogo cha bluu chenye jina la barabara, herufi ya upande, kwa kawaida A au B, na namba ya kilomita. Msomee mpokea simu kama kilivyo. Kati ya vibao hivyo kuna vigingi vifupi kila mita 100 vyenye namba za aina hiyo hiyo kwa maandishi madogo.

Na msichanganye na wale wa magari ya njano na nyeusi yenye taa za rangi ya chungwa. Hao ni maofisa wa barabara kuu wa National Highways. Siyo polisi, lakini kifungu hicho hicho cha 163 kinawapa nguvu ya kukusimamisha. Magari yao yana alama wazi wazi. Mwenye taa za chungwa kwenye gari tupu lisilo na jina lolote hana nguvu hiyo.

Mama Imani, Leicester

Ahsanteni sana, nimeanza kuona njia. Bado hapa: nimeshasimama sheli, amekuja dirishani. Nafanya nini na mlango, na mtu wa jinzi je? Na nikisema ukweli wenyewe, kinachonitia hofu zaidi siyo feki peke yake. Mwaka 2021 yule aliyemteka na kumuua Sarah Everard, yule dada wa London, alikuwa polisi kweli, mwenye kitambulisho cha kweli. Kitambulisho kinanihakikishia nini?

Bi Zuhura, London

Mama Imani, swali lako la mwisho ndilo zito, nitalifikia.

Gari kwanza. Ukizima injini, magari mengi ya sasa *hujifungua milango yenyewe* mara unapoweka P au unapochomoa ufunguo. Watu hawalijui hili mpaka siku hiyo. Kwa hiyo: simama, gia P au nyutro, breki ya mkono, zima, halafu bonyeza tena kitufe cha kufunga milango na usikie mlio wake. Mikono juu ya usukani. Kwenye magari mengi mpangilio huo wa kujifungua hubadilishwa kwenye menyu, shughulikia mchana ukiwa nyumbani.

Dirisha: shusha la *kushoto*, la abiria, sentimita 5 hivi, sauti na karatasi vipite lakini mkono usipite. Barabarani kwenye magari ya kasi askari mwenyewe hupenda kuja upande huo kwa usalama wake, na kwako wewe kiti kizima kinakuwa kati yenu. Akija upande wako, mwelekeze kwa mkono azunguke. Usishuke kabla hujaambiwa. Mwambie mara moja, kwa adabu: nimefunga milango kwa sababu gari lako halina alama, niko kwenye laini na 999 nahakikisha. Askari wa kweli amelisikia hilo mara nyingi na atakupa jina, namba yake ya begani, na jeshi lake. Zisome kwa sauti zimfikie mpokea simu. Anayekukataza kuongea na 999 amekwisha kujieleza, usifungue.

Mtu wa jinzi. Askari kanzu hana nguvu ya kifungu cha 163. Hata sheria ya mwaka 1984 inayoruhusu polisi kupekua magari inasema wazi kwamba haimpi askari asiye na sare ruhusa ya kusimamisha gari. Kupima pombe kwa kupuliza barabarani vilevile kunataka askari mwenye sare. Askari kanzu wanaotaka gari lisimamishwe huita wenzao wenye sare. Hii haina maana kwamba kanzu hana kazi barabarani. Anaweza kukamata mtu kwa kosa la jinai akiwa na sababu, na anaweza kupekua gari ambalo tayari limesimama, ila lazima kwanza aonyeshe kitambulisho cha kazi. Kwa hiyo ukiona jinzi, jibu ni moja: milango imefungwa, 999 iko hewani, unaomba askari mwenye sare na gari lenye alama lije. Usibishane naye sheria. Rudia ombi hilo hilo kwa utulivu. Kofia tu ikikosekana, hiyo bado ni sare.

Sasa Sarah Everard. Tarehe 3 Machi 2021, kusini mwa London, askari wa Metropolitan, jeshi la polisi la London, ambaye hakuwa kazini alimsimamisha akitembea kwa miguu, akatumia kitambulisho chake na pingu kujifanya anamkamata kwa kuvunja masharti ya korona. Kitambulisho kilikuwa halali. Kwa hiyo una haki kabisa, mama: kitambulisho kinathibitisha kwamba mtu ameajiriwa, hakithibitishi kwamba *yuko kazini usiku huu na wakubwa wake wanajua yuko na wewe*. Uthibitisho wa pili unatoka chumba cha udhibiti peke yake, ndiyo maana tunang'ang'ania 999 hata mbele ya kadi nzuri inayong'aa. Oktoba mwaka huo huo Metropolitan walianzisha utaratibu kwamba askari kanzu aliye peke yake akimsimamisha mwanamke aliye peke yake, ampigie kwa video sajenti mwenye sare aliye ofisini, naye athibitishe yule ni nani na kwamba yuko kazini. London unaweza kuuomba. Kwingine omba kusikia redio yake ikijibiwa: aitaje namba yako na mahali mlipo, na wewe usikie sauti ya upande wa pili ikimjibu.

Askari kuwa peke yake kusikutishe sana. Askari wengi wa usiku huzunguka peke yao siku hizi. Wala taa kwenye shoo, kamera ya kifuani, koti la njano si uthibitisho wa kutosha. Vyote vinauzwa mtandaoni. Sheria inakataza gari la raia kufungwa taa za bluu, na kujifanya polisi ni jinai chini ya kifungu cha 90 cha Sheria ya Polisi ya 1996, lakini sheria haimzuii mtu kununua. Kinachonitia shaka zaidi ni taa *moja* ya bluu ya sumaku iliyobandikwa juu au kuwekwa kwenye dashibodi bila kitu kingine. Magari ya polisi yasiyo na alama huwa na taa sehemu kadhaa, mbele ndani ya shoo, juu ya kioo cha mbele, na nyuma, zinazopepesa kwa pamoja.

Kuingia kwenye gari lao. Hapa Uingereza askari wa barabarani hupenda dereva akae kwenye gari la polisi huku wakiandika, hasa mvua ikinyesha, na hakuna ubaya kwa gari lenye alama. Gari lisilo na alama, na mtu mmoja, na hujathibitishiwa: kumbuka milango ya nyuma ya magari ya polisi mara nyingi haifunguki kwa ndani. Kama hujakamatwa wala hujaambiwa unazuiliwa kwa upekuzi, omba mzungumze hapo ulipo. Muulize waziwazi: nimekamatwa? Akisema ndiyo, mwambie hupingi ila unaomba gari lenye alama, na mpokea simu asikie jibu hilo.

Pesa: hakuna anayelipa faini mkononi kwa askari usiku. Tiketi ya kawaida ina siku 28. Anayetaja noti ni mwizi.

Juma wa Felixstowe

Bi Zuhura, hapo pa pesa nakurekebisha kidogo, kwa ajili ya madereva wa malori na wageni. Mtu asiye na anwani ya kuaminika hapa Uingereza anaweza kutozwa amana papo hapo barabarani, na polisi au na wakaguzi wa DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari, na asipolipa gari linazuiwa. Utaratibu upo tangu 2009. Una karatasi rasmi na stakabadhi. Kwa Mama Imani mwenye anwani ya Leicester na leseni ya hapa haumhusu.

Bi Zuhura, London

Sahihi kabisa Juma, ahsante. Nilikuwa nawaza wakazi tu.

Basi niongeze ya karatasi. Askari mwenye sare anaweza kutaka leseni, bima na cheti cha ukaguzi wa gari. Huna hapo? Atakupa karatasi ya kuvipeleka kituo cha polisi utakachokitaja ndani ya siku 7. Siku hizi mara nyingi wanaona bima na ukaguzi kwenye kompyuta yao, na kamera zinazosoma namba za magari ndizo sababu kubwa ya watu kusimamishwa: bima imekwisha jana, malipo ya benki yamekwama, hujui. Kwa hiyo kusimamishwa bila kosa la uendeshaji siyo dalili ya feki.

Wanaoendesha na leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda: inafaa kwa miezi 12 tangu uwe mkazi hapa, halafu basi. Mwezi wa 13 ni sawa na huna leseni, bima nayo inatetereka, na gari linaweza kuchukuliwa barabarani usiku huo huo. Wengi wanaogopa taa za bluu kwa sababu ya hili, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wakanyage mafuta.

Kijana wa Tanga, Glasgow

Naomba kuuliza: kifungu hiki kinafanya kazi Scotland? Na kama siwezi kuongea, mfano mtu ameshaingia garini au amesimama dirishani ananisikiliza?

Sauti ya Zamu, Birmingham

Cha 163 kinafanya kazi England, Wales na Scotland. Ireland Kaskazini ina sheria yake, ingawa 999 ni ile ile. Ile sheria ya 1984 ya upekuzi ni ya England na Wales, Scotland wana yao.

Usipoweza kuongea kwenye simu ya mkononi: piga 999, sikiliza. Mpokea simu atakuambia ukohoe au ugonge kioo cha simu. Hata hilo ukishindwa, utaambiwa ubonyeze 55, nawe ukibonyeza unaunganishwa na polisi. Ukipiga kimya bila kubonyeza 55, laini inaweza kukatwa, kwa sababu wanapokea simu nyingi zilizojipiga mfukoni. Na 55 yenyewe haitafuti ulipo, inakuunganisha tu. Kwa hiyo ukiweza kunong'ona jina la sheli, nong'ona.

Kuna pia ujumbe wa maandishi kwenda 999, lakini lazima usajiliwe *kabla*. Tuma neno register kwenda 999 leo, watakujibu maelezo, ukijibu yes utapata ujumbe wa kukubaliwa. Ujumbe wa maandishi ni wa polepole kuliko simu, tumia kama sauti haiwezekani kabisa. Ukiwa unaendesha usiandike.

Mwalimu wa Gia, Reading

Mmoja kaniuliza faraghani kuhusu kutoa mkono dirishani na kumwashiria aliye nyuma akufuate, kama wanavyofundishwa Afrika Kusini kwa sababu ya magenge yanayojifanya polisi kwa taa za bluu. Huko ishara hiyo inajulikana. Hapa askari wengi hawajaizoea, na mkono unaotoka dirishani gizani anaweza kudhani unatupa kitu nje, dawa au silaha, akaandika hivyo. Baki na indiketa, hazadi na taa ya ndani.

Mkimaliza na askari akakuruhusu, andika saa, mahali, jeshi, namba ya begani na namba ya gari lake. Sasa unaiona vizuri kwa sababu limesimama na taa zimepungua. Kamera ya dashibodi kama unayo, hifadhi kipande hicho kabla hakijaandikwa juu yake. Kadi ndogo hujaa baada ya saa chache za kuendesha na kuanza kufuta za mwanzo. Kama kulikuwa na jambo lisilo sawa, na hatari imepita, hapo ndipo 101 inapofaa. Malalamiko dhidi ya askari wa kweli yanakwenda kwa jeshi lake au kupitia IOPC, chombo huru kinachosimamia malalamiko dhidi ya polisi, kwa England na Wales.

Mama Imani, Leicester

Nimeandika haya kwenye kadi, nimeibandika nyuma ya kivuli cha jua: namba yangu ya gari kwa herufi kubwa, maneno ya kumwambia mpokea simu, na majina ya sheli tatu zinazokesha kwenye njia zangu za Jumatatu na Alhamisi. Njia ya Jumapili nimeikagua, haina hata moja kwa maili 9. Pale katikati kuna hospitali ndogo yenye lango la wagonjwa wa usiku. Linafaa?

Mwalimu wa Gia, Reading

Linafaa kama lango liko wazi na unaweza kuingia bila kusubiri kizuizi kipande. Lipitie mchana uone. Kama kuna kizuizi, simama mbele ya mlango wa dharura palipo na kamera, pua ya gari ikitazama barabara, siyo ukuta.